Bomba la Hita ya Mabula

Minza mwanangu,

Mama yako yuko nyumbani anakunja sweta zako kwa mara ya tatu. Mambo ya sweta, ya kupiga simu ukifika, ya kutolala njaa kwa kuona aibu ya kuuliza chakula, ameshayasema yote, nami sina la kuongeza hapo. Nimekaa gereji juu ya tairi bovu la semi. Wenzangu wameshaondoka na jua bado linachoma bati. Ninaandika kwa sababu mdomo umenishinda. Jumapili uliponionyesha kwenye simu picha ya lori utakalopewa huko Poland, nilikuwa nimeshajipanga kusema, nikaishia kukuuliza lina gia ngapi.

Wewe kwenye picha ile uliona rangi na kitanda kizuri cha dereva. Mimi niliona kitufe kidogo ukutani, karibu na mto, chenye alama ya moto. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na mama yako anajua kwa nini.

Kitufe hicho ni cha hita. Umejifunzia lori hapahapa Mwanza, kwa hiyo hujawahi kuiona ikifanya kazi. Ni jiko dogo la dizeli, halizidi ukubwa wa kidumu cha lita tano, linafungwa chini karibu na injini. Kwenye baridi kali oili huwa nzito, betri hulegea, ukipiga stata inalia mara mbili na kunyamaza. Kwa hiyo dereva huwasha jiko hilo kwanza. Linanyonya dizeli kidogo kutoka kwenye tenki, linaichoma ndani ya tumbo lake na kupasha maji ya rejeta, halafu pampu yake inayazungusha maji hayo ndani ya injini ikiwa bado imezimwa. Ukija kupiga stata, injini inaamka kama iliyotembea tangu asubuhi. Maji hayohayo yakipita kwenye feni ya kabini, na wewe unapata joto. Ni kitu kizuri, sitaki ukichukie. Ila ni moto, na moto wowote una moshi. Moshi wa hita una bomba lake lenyewe, mbali na ekzosi ya injini, na ni habari za bomba hilo ninazotaka kukueleza.

Malori ya mtumba yakitoka Ulaya huja nazo hizi hita. Na sisi mafundi wa huku, lori likiingia tu gereji, tunazing'oa. Mwanza nani anatafuta joto? Pampu tunaitafutia kazi nyingine, chuma kinakwenda kwa wanunuzi wa chakavu, na lile bomba lake la kunyumbulika, refu, lisiloshika kutu, linagombaniwa. Nimeng'oa hita nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kila nilipong'oa niliwacheka Wazungu. Nilijiona mjuaji. Mtu aliyezaliwa kwenye mawe haya yanayochemka mchana kutwa anaweza kuwa fundi wa miaka thelathini na asijue baridi inamfanya mtu afanye nini.

Sasa nakuja kwa baba yako mdogo, Mabula.

Unamkumbuka kwa kicheko chake na kwa jinsi alivyokupandisha kwenye usukani ukiwa darasa la nne. Ulichoambiwa kuhusu kifo chake ni kwamba moyo ulisimama akiwa safarini. Baadaye ulipokua ukasikia yale mengine, kwamba mkewe, mama yako mdogo Tabu, alikuwa na mkono katika kifo hicho. Ulikuja kuniuliza. Nilikwambia mambo ya wakubwa waachie wakubwa. Kumbuka jibu hilo, maana ndilo jibu langu bovu kuliko yote niliyowahi kukupa.

Mwaka ule Mabula alipata tenda ya kubeba mbao na viazi kutoka Njombe na Makete. Alikwenda safari ya kwanza mwezi wa sita, akarudi midomo imepasuka. Alikuja hapa gereji akakaa karibu na nilipo sasa.

"Kaka, kule si baridi, ni adhabu," aliniambia. "Asubuhi nyasi zimeganda nyeupe. Gari limegoma mpaka saa nne. Wenyeji wakawasha moto wa mabanzi chini ya injini, nusura tuunguze nyaya."

"Pole. Wewe si ulisema wewe ni mwanaume?"

"Uanaume wangu unaishia Singida. Kaka, ile hita uliyoing'oa kwenye gari langu bado ipo?"

Hita ilikuwepo, imelala kwenye pipa la vyuma nyuma ya gereji. Bomba ndilo halikuwepo. Nilikuwa nimempa mama mmoja wa Igombe anayekausha sangara kwa moshi, akalifanya dohani ya tanuri lake, naye akanipa samaki mkubwa tuliyemla sote nyumbani, Mabula akiwemo, akasifu mpaka kichwa.

Nilipaswa kutafuta bomba jingine. Ningelipata, ingechukua siku mbili tatu. Lakini Mabula alikuwa na mzigo unamngoja, na mimi nilikuwa na kichwa chepesi cha fundi anayesifiwa. Nikachukua kipande cha bomba la maji, nikakikata kifupi ili kisigonge barabarani, nikakifunga kwa waya. Mdomo wake ukaishia chini ya sakafu ya kabini, karibu kabisa na pale fimbo ya gia inapotokea. Mpira unaofunika tundu la gia ulikuwa umechanika zamani. Niliuona. Nikasema nitaubadilisha akirudi.

Tukaijaribu. Minza, hapa ndipo nataka usome polepole. Tuliijaribu saa sita mchana, kwenye uwanja huu, milango imefunguliwa na vioo vimeshushwa chini kabisa, kama anavyokaa mtu yeyote wa Mwanza ndani ya gari lililosimama. Hita ilitoa moshi mweupe, ikakohoa, ikashika. Baada ya muda nikagusa injini, ya moto. Harufu ya moshi wa dizeli hatukuisikia, maana gereji nzima inanuka dizeli tangu ilipojengwa. Mabula alikaa kwenye kiti akitokwa jasho na kucheka. Nikampiga begani, nikamwambia maneno ambayo mafundi wote huyasema wakimaliza kazi: "Hiyo itakuzika wewe."

Nilikijaribu kitu cha baridi ndani ya joto. Kila kitu kilionekana kizima kwa sababu vioo vilikuwa wazi.

Tabu naye aliposikia habari za baridi alichana kitenge chake cha zamani vipande virefu, akampa mumewe azibe nyufa za milango na madirisha ya kabini. Alifanya jambo ambalo mke yeyote anayempenda mumewe angelifanya. Mimi nilikuwepo alipovikabidhi, nikamtania kwamba anamfunga mumewe kama mtoto mchanga.

Akaondoka, na siku ya nne ya safari alinipigia simu kutoka Njombe. Alisema hita inafanya kazi vizuri sana, gari linawaka mara moja, na usiku analala bila koti. Halafu akasema, "Ila kaka, kichwa kinanigonga kila nikiamka. Na miguu kama si yangu."

Nilimwambia ni milima hiyo, hajaizoea, anywe chai ya tangawizi. Sikuuliza hata swali moja. Nilikuwa nimeshika spana mkono mmoja, nataka kurudi kazini. Kesho yake asubuhi hakuamka.

Waliomfungulia mlango ni watu wa yadi ya mbao. Walisema vioo vilikuwa vimelowa kwa ndani, vitenge vimeshindiliwa kila ufa, naye amelala ubavu kama aliyechoka tu. Mlinzi wa pale alinieleza jambo moja ambalo yeye mwenyewe hakulielewa. Alisema aliegemea mbele ya gari akashangaa, maana barafu ilikuwa juu ya bati zote za yadi lakini injini ya lori lile ilikuwa na uvuguvugu. Mtu wa ndani ndiye aliyekuwa amepoa.

Nilikwenda mimi kuleta mwili na gari. Daktari wa kule, kijana mpole, aliniita pembeni akaniuliza, "Mzee, ndani ya gari kulikuwa na jiko la mkaa?" Nikamjibu hapana. Mkaa haukuwepo, sikusema uongo. Lakini nilijua anachouliza, na nilijua jibu lake. Alinitazama akingoja niongeze neno. Sikuongeza.

Halafu nikaenda kwenye gari peke yangu. Kuzunguka fimbo ya gia, kapeti ilikuwa na masizi, duara jeusi kama chini ya sufuria. Nilichukua tambara lenye petroli nikalifuta lote. Nikafungua hita na kile kipande cha bomba, nikavitupa kwenye korongo njiani, kabla ya kufika Makambako. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri sana siku ile, haikutetemeka hata kidogo. Ndiyo maana mpaka leo mtu akinisifia mikono yangu natoka nje.

Msibani kikao cha ukoo kilikaa siku ya tatu. Kaka zetu wakubwa walileta vile vipande vya kitenge, wakaviweka chini katikati ya watu. Watu wa yadi walivikunja wakavituma pamoja na nguo zake, na hapa nyumbani vikageuka dawa za uchawi. Ikakumbukwa kwamba Tabu na Mabula waligombana kabla ya safari. Ikakumbukwa kwamba bibi yake Tabu alikuwa na macho mekundu. Unajua huku kwetu macho mekundu ya bibi kizee aliyepikia kuni maisha yake yote yameshaleta maafa gani.

Mkubwa wetu akanigeukia. "Wewe ndiye fundi. Gari lilikuwa na ubovu wowote?"

Tabu alikuwa amekaa kwenye mkeka upande wa wanawake, kichwa kimefungwa kitambaa. Aliinua uso akanitazama. Alikuwa akiningoja mimi. Mtu pekee kwenye ule uwanja aliyeweza kumtoa pale ni mimi.

Nikasema, "Gari lilikuwa zima."

Maneno matatu tu. Kabla ya arobaini alikuwa ameshafukuzwa. Alivuka kwa kivuko cha Kamanga na mfuko mmoja wa nguo, na watoto wa mtaani wakamsindikiza hadi barabarani wakiimba ule wimbo wao mbaya wa kumwita mchawi. Wewe ulilia ukitaka kumfuata. Nilikushika mkono nikakurudisha ndani, nawe ukaning'ata. Kovu lipo, nikilitazama nakubali kwamba siku ile mwenye akili nyumbani kwetu alikuwa wewe.

Sikwambii haya ili unionee huruma. Nimeogopa, Minza. Nilidhani siri hii nitazikwa nayo, halafu wewe ukaenda kuchukua leseni ya malori, ukapata kazi mahali ambapo miezi mitano ya mwaka ni Njombe mara kumi. Mwanangu wa kumzaa atalala ndani ya kabini iliyofungwa vioo, juu ya jiko lilelile. Usiku mwingine naamka nasikia Mabula akisema miguu kama si yake, lakini sauti ni yako.

Kwa hiyo sikiliza kwa masikio ya mtu anayetaka kurudi. Moshi wa hita unaoua hauwashi macho. Unaweza usiwe na harufu yoyote. Unakuja kama usingizi mtamu baada ya kazi, na kichwa kidogo kinauma, na moyo unakwambia lala tu, kesho utapumzika. Ukisikia hivyo fungua mlango utoke nje, hata kama unatoka na soksi kwenye barafu. Toka kwanza, sababu utaitafuta ukiwa umesimama nje. Usinipigie simu kuniuliza ukiwa bado umekaa ndani. Mwingine alinipigia.

Lori lolote watakalokupa, lala chini ulione bomba la hita kwa macho yako linapoanzia na linapoishia. Likiwa limepasuka, limekatwa, limefungwa waya na fundi mchangamfu kama mimi, usiwashe. Usiwashe ndani ya banda lililofungwa, wala kituo cha mafuta, na theluji ikirundikana ubavuni ifukue kwanza mdomo wa bomba upumue. Ukiizima iache imalize kupoa yenyewe kabla ya kukata umeme wa betri. Vitu hivi watakufundisha, nafikiri, wenzetu wana utaratibu. Ambacho hawatakufundisha ni kile kinachonitia hofu zaidi. Utakuwa mgeni, mwanamke, mweusi, kati ya madereva waliozaliwa kwenye baridi. Utaona aibu kuuliza. Mtu mkubwa atakupiga begani akwambie ni zima, nenda. Mwanangu, uliza hata wakucheke. Mabula hakuniuliza kwa sababu mimi ni kaka yake, na mimi sikujiuliza kwa sababu mimi ni fundi.

Wiki tatu zilizopita nilivuka kwenda Kamanga. Sikumwambia mtu. Tabu anapika pale karibu na gati, ugali na sato kwa wanaosubiri kivuko. Nywele zake zimeota mvi. Aliponiona alifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo shemeji," alisema, kama vile nilikuja jana.

Nilikaa kwenye benchi lake nikasema yote, bomba, mpira wa gia, simu, masizi, tambara la petroli. Aliendelea kukoroga chungu. Nilipomaliza aliwapakulia wateja wake mpaka kivuko kikapiga honi wakaondoka.

"Nguo zake mlizozirudisha nilizifua mimi," alisema. "Zilinuka moshi wa dizeli mpaka za ndani. Nimeishi na dereva, shemeji. Nilijua ni hiyo mashine. Kwenye kikao nilikuwa nangoja useme wewe, kwa sababu mimi ningesema nani angeniamini?"

Nikamwambia nisamehe. Alisema, "Hilo bado. Minza anajua?"

"Hajui."

"Na anakwenda kwenye baridi." Akaweka mwiko chini. "Umenyamaza ukanimaliza mimi. Sasa unanyamaza umalize na mtoto? Mwambie kabla hajapanda ndege. Na siku hiyo nitakuja uwanjani. Ndugu zako wote watakuwepo kumuaga. Utasema mbele yao, wakiwa wamesimama, nami nikiwa nimesimama."

Nilikubali. Halafu nikakaa siku ishirini na moja bila kusema neno, unaniona nakula, unaniona nacheka na wateja. Mama yako nilimwambia juzi. Tangu hapo ananipa chakula na hasemi nami. Nilitaka kuificha barua hii kwenye begi lako uikute huko, akaniambia huo ni uoga wa pili. Kwa hiyo nitakupa leo mkononi, kabla ya chakula, uwe na muda wa kunichukia ukiwa karibu. Kama kesho hutaki nikupeleke mimi, mama yako atakupeleka na teksi, wala sitauliza.

Lakini uwanjani nitakuwepo. Utamwona Tabu, atavuka na kivuko cha kwanza. Atasimama mbali kidogo na shangazi zako, nao watageuza nyuso kama kawaida yao. Nenda kwake, msalimie, mshike mkono mbele ya wote, kisha usiuachie mpaka nimalize. Nikianza kuzungukazunguka kama ninavyofanya, usinisaidie. Tangu wenzangu waondoke najifunza kuisema kwa sauti humu gereji, peke yangu, na bado sauti inakatika katikati: Tabu hakumuua mtu. Bomba lile nililikata mimi.

Baba yako.